Michel Eugène Chevreul

Michel Eugène Chevreul (Angers, 31 Agosti 1786 – Paris, 9 Aprili 1889) alikuwa mwanakemia kutoka nchini Ufaransa. Anajulikana hasa kwa kugundua asidi za mafuta na kueleza jinsi mafuta yalivyoundwa. Ndiye aliyetenganisha kwa mara ya kwanza asidi zinazoipa siagi harufu yake, na ndiye aliyetoa majina ambayo yamekuwa gliserini na kolesteroli. Alifanya pia kazi kubwa kuhusu rangi.

Upimaji wa maziwa, samli na mafuta ya kupikia unaofanyika leo katika maabara za Tanzania na kwingineko duniani unategemea msingi alioanza kuuweka mwaka 1811. Aliishi miaka 102, akafanya kazi karibu hadi mwisho wa maisha yake.

Maisha ya awali

Chevreul alizaliwa katika mji wa Angers, magharibi mwa Ufaransa, katika familia ya madaktari. Baba yake alikuwa daktari na mwalimu wa uganga mjini humo. Alikuwa hajafikisha miaka mitatu Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza mwaka 1789, na utoto wake ulipita katika miaka ya vita na vurugu. Shule nyingi za zamani zilifungwa, kwa hiyo masomo yake ya kwanza aliyapata nyumbani. Mwaka 1799 aliingia shule mpya ya serikali mjini Angers, ambako alipenda zaidi kemia na fizikia.

Mwaka 1803, akiwa na umri wa miaka 17, alikwenda Paris. Huko alipokewa katika maabara ya Louis Nicolas Vauquelin, mwanakemia aliyegundua elementi ya kromi. Vauquelin alimfundisha kuchambua vitu vinavyotoka katika mimea na wanyama, kazi iliyokuwa ngumu kwa sababu vitu hivyo kwa kawaida ni mchanganyiko wa vingi. Chevreul alianza na rangi za mimea zilizotumika kutia nguo. Mwaka 1810 aliajiriwa kama msaidizi katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Asili mjini Paris, na mwaka 1813 akawa mwalimu wa fizikia katika Lycée Charlemagne. Mwaka 1818 alimwoa Sophie Davalet, nao walipata mtoto mmoja wa kiume.

Elimu ya mafuta kabla yake

Watu walijua kutengeneza sabuni tangu zamani sana. Walichemsha mafuta pamoja na alikali, yaani maji ya majivu, potashi au soda, mpaka mchanganyiko ukawa sabuni. Hata hivyo hakuna aliyeweza kueleza vizuri nini kinatokea ndani ya sufuria. Wataalamu wengi walidhani kwamba mafuta ni kitu kimoja kisichogawanyika, na kwamba yanashikana tu na alikali jinsi yalivyo.

Dalili ya kwanza kwamba mambo hayako hivyo ilitoka kwa Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi. Mwaka 1779 alipasha moto mafuta ya zeituni pamoja na oksidi ya risasi, akapata majimaji mazito yenye ladha tamu. Lakini hakujua majimaji hayo yana uhusiano gani na mafuta yenyewe, na kwa zaidi ya miaka 30 jambo hilo lilibaki bila maelezo.

Utafiti wa mafuta

Mwaka 1811 Chevreul alichambua sabuni iliyotengenezwa kwa mafuta ya nguruwe na potashi. Alipoiyeyusha katika maji mengi, zilijitenga chembe zinazong'aa kama lulu. Alipoongeza asidi ya kawaida, alikali iliondoka na kikabaki kitu chenye mafuta. Kitu hicho kilimshangaza: hakikuwa tena mafuta yale ya mwanzo, bali kilikuwa na tabia za asidi. Kiliweza kuunganika na alikali na kutoa chumvi, kama asidi nyingine zinavyofanya.

Kutokana na jaribio hilo alianza utafiti uliochukua zaidi ya miaka kumi. Alichunguza mafuta ya binadamu, kondoo, ng'ombe, nguruwe, bata bukini na chui wa Marekani anayeitwa jagua, pamoja na siagi na mafuta ya pomboo na nyangumi. Matokeo aliyatoa katika mfululizo wa makala kuanzia mwaka 1813, kisha akayakusanya katika kitabu kikubwa kuhusu mafuta ya wanyama kilichochapishwa mwaka 1823.

Jibu lake lilikuwa hivi. Mafuta yameundwa kwa sehemu mbili: asidi za mafuta, na yale majimaji matamu ya Scheele, ambayo Chevreul aliyapa jina la gliserini kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya tamu. Alikali haishikani na mafuta mazima. Inayavunja, inachukua asidi zake na kuiacha gliserini ikiwa huru. Sabuni basi ni chumvi ya asidi za mafuta.

Chevreul alipima pia uzito wa kila kitu. Aliona kwamba asidi na gliserini zikijumlishwa zina uzito unaozidi kidogo ule wa mafuta ya mwanzo. Alieleza kwamba maji yameingia katika mmenyuko huo, na maelezo hayo yalikuwa sahihi.

Alionyesha vilevile kwamba tofauti kati ya mafuta magumu na mafuta ya maji inatokana na aina za asidi zilizomo na kiasi cha kila moja. Asidi ya steariki, aliyoipa jina kutokana na neno la Kigiriki la shahamu, ni ngumu kwenye joto la kawaida. Asidi ya oleiki, iliyopewa jina kutokana na neno la Kilatini la mafuta, ni ya majimaji. Shahamu ya kondoo ina nyingi ya kwanza, na mafuta ya zeituni yana nyingi ya pili.

Njia aliyotumia

Ugumu mkubwa ulikuwa kujua kama kitu kilichopatikana ni kimoja au bado ni mchanganyiko. Chevreul alikiyeyusha katika alkoholi, akakiacha kigande, akaitenga sehemu iliyoganda na iliyobaki, kisha akarudia tena na tena. Kila mara alipima kwa kipimajoto halijoto ambayo kitu kinayeyuka. Halijoto hiyo ilipoacha kubadilika, alihesabu kwamba amefika kwenye kitu safi. Kabla yake wanakemia wachache walitumia kipimo hicho kwa uangalifu wa namna hiyo. Baadaye kikawa kipimo cha kawaida katika maabara za kemia ogania kote duniani. Mwaka 1824 alitoa kitabu kingine kilichoeleza kanuni za jumla za uchambuzi wa vitu vya viumbe hai.

Asidi za siagi

Siagi ilimpa kazi ya pekee. Alipoivunja sabuni yake kwa asidi na kuchemsha majimaji yaliyobaki, mvuke ulibeba asidi nyepesi zenye harufu kali. Asidi hizo huyeyuka katika maji kwa kiasi fulani, tofauti na asidi ya steariki na ya oleiki. Alizigeuza kuwa chumvi za bari, ambazo huganda kwa nyakati tofauti, na kwa njia hiyo akaweza kuzitenganisha.

Alipata asidi tatu. Ya kwanza aliiita asidi ya butiriki, kutokana na neno la Kilatini la siagi. Nyingine mbili, asidi ya kaproiki na asidi ya kapriki, zilipata majina kutokana na neno la Kilatini la mbuzi, kwa sababu harufu zake hufanana na ya beberu. Chevreul alieleza hivyo kwa nini siagi iliyokaa muda mrefu huchacha na kunuka: asidi hizo, ambazo mwanzoni zimefungwa kwenye gliserini, zinaachiliwa huru.

Kolesteroli na vitu vingine

Katika miaka ya 1815 na 1816 Chevreul alichunguza kitu cheupe kilichokuwa kimeonekana tayari katika vijiwe vya nyongo. Kilifanana na mafuta kwa macho, lakini hakikugeuka sabuni hata kilipochemshwa na alikali kali. Alitambua kwamba si mafuta, akakiita kolesterini, kwa maneno ya Kigiriki ya nyongo na kitu kigumu. Baadaye jina lilibadilishwa kuwa kolesteroli. Mwaka 1815 alionyesha pia kwamba sukari iliyomo katika mkojo wa wagonjwa wa kisukari ni ileile ya zabibu, yaani glukosi. Mwaka 1832 aligundua kreatini katika mchuzi wa nyama.

Kosa la asidi ya margariki

Si kila alichokitangaza kilithibitika. Zile chembe za lulu za mwaka 1811 aliziona kuwa asidi ya pekee, akaiita asidi ya margariki kutokana na neno la Kigiriki la lulu. Katika miaka ya 1850 Wilhelm Heintz wa Ujerumani alionyesha kwamba ni mchanganyiko wa asidi ya steariki na asidi ya palmitiki. Hiyo ya pili Edmond Frémy alikuwa ameipata katika mafuta ya mawese mwaka 1840. Mchanganyiko huo ulikuwa umempotosha Chevreul kwa sababu uliyeyuka karibu kama kitu kimoja safi.

Hata hivyo jina halikupotea. Mwaka 1869 Hippolyte Mège-Mouriès alitengeneza kutokana na mafuta ya ng'ombe kitu cha kutumiwa badala ya siagi, nacho kikaitwa majarini. Leo jina la asidi ya margariki limepewa asidi yenye atomi 17 za kaboni, ambayo kweli inapatikana kwa kiasi kidogo katika maziwa ya wanyama wanaocheua.

Mishumaa

Wakati huo nyumba nyingi za Ulaya ziliangazwa kwa mishumaa ya shahamu. Mishumaa hiyo ilikuwa laini, ilitoa moshi na kunuka. Mishumaa mizuri ya nta ya nyuki ilikuwa ya matajiri na makanisa. Mwaka 1825 Chevreul na Joseph Louis Gay-Lussac walipata hataza ya kutengeneza mishumaa kwa asidi za mafuta ngumu, ambayo iliwaka vizuri na kwa usafi zaidi. Biashara yao haikufanikiwa. Miaka michache baadaye Adolphe de Milly aliboresha njia hiyo, na kwa kutumia utambi wa kusukwa alifanya mishumaa hiyo iwe bidhaa ya kawaida.

Rangi

Mwaka 1824 Chevreul aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa idara ya kutia rangi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, kilichofuma mapambo ya ukutani. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazikuwa nyeusi vya kutosha. Alipochunguza aligundua kwamba dawa ya rangi haikuwa na kasoro: jicho liliona weusi tofauti kwa sababu ya rangi zilizofumwa kando yake. Kanuni aliyoitoa kuhusu jambo hilo aliichapisha mwaka 1839, nayo iliwaathiri wachoraji wa Ufaransa, akiwemo Georges Seurat.

Vyeo na misimamo

Mwaka 1826 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Sayansi cha Ufaransa na pia mwanachama wa kigeni wa Royal Society ya London, ambayo ilimpa nishani ya Copley mwaka 1857. Mwaka 1830 alirithi nafasi ya mwalimu wake Vauquelin kama profesa wa kemia katika Makumbusho, na baadaye akaiongoza taasisi hiyo hadi mwaka 1879.

Alipinga madai yasiyothibitishwa. Alichunguza watu waliodai kutafuta maji kwa fimbo au kutabiri kwa kitu kinachoning'inia kwenye uzi, na mwaka 1854 akatoa kitabu akieleza kwamba mikono ya mtu husogeza vitu hivyo bila yeye mwenyewe kujua. Wakati wa vita kati ya Ufaransa na Prussia, Paris ilipozingirwa, alibaki Makumbusho akiwa na umri wa miaka 84, na mabomu yalipoanguka hapo Januari 1871 alitoa tamko rasmi la kulalamika.

Uzee na kifo

Chevreul alizoea kujiita mwanafunzi mzee kuliko wote wa Ufaransa. Alipofikisha miaka 100 tarehe 31 Agosti 1886 taifa lilifanya sherehe. Mwaka huohuo mpigapicha Nadar alizungumza naye huku mwanawe Paul akipiga picha, na mazungumzo hayo na picha zake yalichapishwa gazetini. Yanahesabiwa kati ya mahojiano ya kwanza ya aina hiyo. Alifariki Paris tarehe 9 Aprili 1889, siku chache baada ya Mnara wa Eiffel kuzinduliwa. Jina lake ni miongoni mwa majina 72 ya wanasayansi na wahandisi yaliyoandikwa kwenye mnara huo. Alifanyiwa mazishi ya kitaifa na kuzikwa L'Haÿ-les-Roses, kusini mwa Paris.

Upimaji wa mafuta baada yake

Majarini ilipoenea, wauzaji wengine waliichanganya na siagi ili kupata faida. Ugunduzi wa Chevreul ulitoa njia ya kuwakamata. Asidi ya butiriki ni ya kawaida katika mafuta ya maziwa lakini haimo katika shahamu wala katika mafuta ya kawaida ya mimea. Mwaka 1879 Emil Reichert alitoa kipimo cha asidi nyepesi zinazobebwa na mvuke: siagi halisi ina nyingi, siagi iliyochanganywa ina chache.

Mwaka 1952 A. T. James na A. J. P. Martin, nchini Uingereza, walionyesha jinsi ya kutenganisha asidi za mafuta kwa kromatografia ya gesi. Katika njia inayotumika sasa, mafuta huchanganywa na methanoli ili asidi zake zigeuke kuwa vitu vinavyopata mvuke kwa urahisi. Mvuke huo hupitishwa katika mrija mrefu mwembamba, na kila asidi hutoka kwa wakati wake. Mashine huchora mchoro wenye vilele, na ukubwa wa kila kilele huonyesha kiasi cha asidi husika. Kazi iliyomchukua Chevreul miaka mingi hufanyika sasa kwa muda usiozidi saa moja au mbili.

Momela na Afrika Mashariki

Mambo aliyoyaeleza Chevreul yanaonekana wazi katika maisha ya kila siku ya Afrika Mashariki. Mfano mmoja ni Momela, upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Meru katika mkoa wa Arusha, ndani na pembeni mwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Maji ya maziwa madogo ya Momela yana magadi, ambayo ni alikali ya jamii moja na potashi ya mwaka 1811. Magadi ni dhaifu, ndiyo maana watengenezaji wa sabuni hutumia kostiki soda, lakini hisia ya utelezi mikononi inatokana na tabia ileile ya alikali.

Katika miteremko ya Meru asubuhi za baridi hutoa somo lingine. Mafuta ya nazi kutoka Pwani na Zanzibar huganda kwenye chupa joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 za Selsiasi hivi. Mafuta ya mawese kutoka Kigoma huwa mazito na kuganda. Mafuta ya alizeti kutoka Singida hubaki majimaji. Sababu ni asidi zilizomo: karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, mawese yana asidi ya palmitiki kwa zaidi ya theluthi moja, na alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki kwa wingi.

Mafuta ya maziwa nayo hubadilika. Ng'ombe anayekula majani mabichi kwa kawaida hutoa mafuta yenye asidi ya oleiki zaidi, na siagi yake huwa laini kuliko ya ng'ombe anayelishwa majani makavu. Kwa mfugaji wa Wameru, Waarusha au Wamasai anayeuza samli, kipimo cha asidi kina faida ya moja kwa moja. Samli iliyochanganywa na mafuta ya bei nafuu inaweza kuwa na rangi na harufu nzuri, lakini asidi yake ya butiriki hupungua. Maabara huonyesha hivyo ipi ni halisi, na mwenye samli safi hulindwa asishindane na mlaghai.

Kitu kingine alichokipa jina, kolesteroli, kilileta mjadala mkubwa kaskazini mwa Tanzania. Katika miaka ya 1960 daktari Mmarekani George V. Mann na wenzake waliwapima Wamasai wa Tanganyika, ambao chakula chao kikuu kilikuwa maziwa na nyama. Walitarajia kukuta kolesteroli nyingi katika damu, lakini walikuta kidogo, na dalili chache za ugonjwa wa moyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1972 ulionyesha kwamba mishipa yao ilikuwa na mafuta yaliyoganda ukutani, ila ilikuwa imepanuka kiasi cha kuruhusu damu kupita. Mann alihusisha jambo hilo na mwendo wao mwingi wa miguu. Wataalamu wengine waliendelea kubishana naye, kwani mafuta ya wanyama yanaendelea kuhusishwa na ongezeko la kolesteroli katika jamii nyingine.

Karibu na mji wa Arusha, Tengeru ina chuo cha mafunzo ya mifugo na pia Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Wanafunzi wa maziwa, lishe na kemia ya chakula wanaoanza kusoma habari za mafuta hukutana mapema na maneno butiriki, kapriki, oleiki na steariki. Yote manne yalianza kutumika katika maandishi ya Chevreul.